Masika Niliyoumenya Mjafari

Machi 6

Nimefika kwa Shangazi saa nane mchana, nimelowa hadi soksi. Wiki iliyopita aliteleza kwenye ngazi za jikoni akavunjika mkono wa kulia, na familia ikakaa kikao ikaamua kwamba wa kuja kumsaidia ni mimi. Sababu zilikuwa tatu: nina likizo ya miezi mitatu, sina mtoto mchanga, na mimi ni mfamasia, kwa hiyo "nyinyi wawili mna kazi moja." Aliyesema hivyo ni kaka yangu, na bado sijamsamehe. Mimi natoa dawa zilizopimwa. Shangazi anatoa majani.

Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Umekuja na viatu vya ofisini," akasema. "Haya, karibu, Daktari wa Vidonge." Naona jina hilo litanikaa.

Machi 7

Mvua. Nimepika, nimefua, nimemfunga Shangazi vifungo vya gauni. Amesema nafunga kana kwamba yeye ni gunia.

Machi 9

Chumba cha mbele ndicho zahanati yake. Kuna benchi moja, meza moja, jiwe la kutwangia, na rafu yenye chupa thelathini na moja zilizokuwa za jamu. Hakuna lebo hata moja. Mwili ulinisisimka. Huko kazini kwangu, chupa isiyo na lebo inamwagwa, na aliyeiweka anaandika barua ya kujieleza.

Nikamuuliza iliyo kwenye kona ni nini. "Ya nini wewe? Unataka ukatangaze?" Baadaye nilielewa kidogo. Wachuuzi wa dawa wakishajua mti uko wapi, wanakuja na majembe wanang'oa mpaka mizizi. Ndiyo maana hamwonyeshi mtu yeyote anachuma wapi, wala anachumaje. Wagonjwa wanapewa dawa, hawapewi maelezo.

Machi 10

Nimemfanyia mtihani, na nakiri kwamba nilitaka afeli. Nilimfunga macho kwa kitambaa, nikachanganya chupa zote, nikawa namfungulia moja moja puani. Kivumbasi, cha mvuke wa mafua na kufukuza mbu. Mdaa, wa kusugulia meno. Ukwaju, wa choo kigumu. Aliendelea hivyo hivyo bila kusita, mara nyingine akiongeza kwamba hili ni la mwaka jana, litupe. Thelathini na moja kwa thelathini na moja. Kisha akanivua miwani, akanifunga mimi. Nilipata nne, na moja katika hizo ilikuwa bahati.

Machi 12

Leo amekuja mwalimu mkuu mstaafu, shavu limevimba, ameshika taya kama mtu anayezuia lisidondoke. Alitaka gome la mjafari. Gome hilo ukilitafuna linawasha ulimi, kisha linatia ganzi, na watu wa hapa hawataki dawa nyingine jino likiwauma. Nilidhani Shangazi atampa aende zake. Alimuuliza maswali kwa robo saa nzima. Lilianza lini? Unahisi baridi mwilini? Unaweza kufungua mdomo vidole viwili viingie? Unameza mate vizuri? Dawa gani za hospitali unameza sasa, na za nini?

Mdomo haukufunguka. Shangazi akasema, "Mwalimu, hili si jino la gome. Hili usaha wake unatafuta njia ya shingoni. Nenda hospitali leo, usiseme kesho."

"Mama, mimi nakuamini wewe kuliko wale."

"Basi niamini ninapokwambia nenda."

Alikwenda. Na mimi niliyekaa dirishani mwa duka la dawa miaka ishirini, nikipitisha boksi mtu asiniambie hata ana umri gani, nilijikuta nafuta meza iliyokuwa safi tayari.

Machi 14

Mwalimu mkuu amelazwa. Madaktari wamesema angechelewa siku mbili tu, ingekuwa habari nyingine. Shangazi aliposikia, alisema "Alhamdulillahi" akaendelea kuchambua majani kwa mkono wa kushoto.

Machi 15

Mvua kutwa. Ngozi ya vidole imekunjamana.

Machi 17

Nimepelekwa kuona mjafari, kwa mbali. Uko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mfereji, shina lina vinundu vya miiba kama vifundo vya vidole, na jani lake, anasema Shangazi, ukilisugua linanukia chungwa. Ulikuwepo kabla ya Shangazi kuolewa hapa. Mingine aliyoijua, sita au saba, wachuuzi wameimaliza. Umebaki huu mmoja, na kuufikia mwingine ni mwendo wa siku nzima. Gome lake likikosekana, anasema, nusu ya benchi lake litakuwa halina kitu cha kupewa.

Gome limebaki kidogo chupani. Keshokutwa anakwenda kuonyesha mkono hospitali, na mimi nitalitoa. "Kata kiasi," ameniambia. Nikamuuliza kiasi gani. "Kiasi, mwanangu. Kiasi."

Machi 19

Siku njema. Jirani amemsindikiza Shangazi hospitali, mimi nikavuka mfereji na kisu na beseni. Kazi imekwenda vizuri mno. Kwa kuwa mti umekunywa mvua, gome linabanduka lenyewe, linateleza kama ganda la ndizi. Nimeamua kuchukua la msimu mzima mara moja, kama tunavyoagiza dawa za robo mwaka, tusiwe tunakanyaga tope kila wiki. Nimelitoa usawa wa kiuno kuzunguka shina lote, upana wa viganja viwili, ili vipande vyote viwe vya kimo kimoja na nguvu moja. Nimevipanga kwenye ungo kwa mistari. Nimeandika hata tarehe kwenye karatasi nikaiweka juu. Kwa mara ya kwanza zahanati hii imepata kitu chenye lebo.

Shangazi amerudi amechoka, amelala saa moja jioni bila kuangalia chochote.

Machi 20

Asubuhi Shangazi alitoka na kikombe chake cha chai akauona ungo. Alitabasamu kwanza. Akachukua kipande, akakinusa, akakivunja. "Zuri hili. Limeiva. Umetoa wapi jingi hivi?"

"Kwa mjafari, Shangazi."

"Upande gani?"

"Pande zote. Nimezungusha, ili vipande viwe sawa."

Kikombe alikiweka chini polepole. Hakuvaa viatu. Alivuka uwanja, akavuka mfereji na mkono wake ulioning'inia kwenye kitambaa, na mimi nyuma yake nikimwita, "Shangazi, utateleza!" Alipofika kwenye mti na kuiona ile pete nyeupe niliyoivalisha shina, alikaa chini. Sisemi aliinama. Alikaa kwenye tope na gauni safi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikaa hata kwenye nyasi bila kutandika khanga.

"Umeukata koo," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na aibu ilinipanda hadi masikioni. Chakula cha mti kinatengenezwa kwenye majani, kinashuka mizizini kwa kupitia gome. Ukilimenya gome kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, na mti unafuata. Nilisoma hayo mwaka wa kwanza chuoni. Liliulizwa swali hilo hilo kwenye mtihani, nami nikapata alama zote.

Shangazi huwa anatoa kipande cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja tu, anapaka kidonda udongo, harudi upande huo mpaka miaka miwili ipite. Nimeyajua leo. Nilimwomba msamaha mara tatu. Alitazama juu kwenye majani ya mti, mabichi kabisa, yasiyojua kitu bado, na machozi yakamtoka bila sauti. Najichukia leo, sina namna nyingine ya kuliandika.

Machi 21

Saa kumi na mbili asubuhi alinigongea mlango. "Lete kisu chembamba, nta, na ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ulioko stoo. Vaa kitu usichokionea huruma."

Njiani akaniambia. Marehemu mume wake alikuwa akibebesha michungwa: anachukua kijiti cha mchungwa mtamu anakiunga kwenye shina la mwingine mpaka vinakuwa mti mmoja. Panya wakiutafuna mchungwa kuzunguka shina, hakuukata. Alikuwa anauwekea madaraja, vijiti vibichi vinavyoruka kidonda, vikichukua gome la juu na kulikutanisha na la chini. Na mjafari, kwa alivyoona Shangazi, una harufu ya chungwa kwenye jani, basi huenda ni ndugu.

"Umewahi kufanya kwa mjafari?" nikauliza.

"Nani alikuwa na akili kama zako aumenye hivi, hata mimi nipate kujifunza?"

Nilistahili.

Tulikata vijiti kumi na viwili kutoka matawi ya mti wenyewe, unene wa kalamu, virefu kidogo kuliko kidonda. Mkono wa Shangazi wa kukatia uko kwenye plasta, kwa hiyo kisu kilikuwa changu. Ncha za kijiti zichongwe mshazari, mchongo mmoja usiorudiwa, kwa kuwa kisu kikirudi mara ya pili uso unakuwa na mawimbi na hauungi. Kisha pasua gome la mti juu ya kidonda, inua ukingo, ingiza ncha. Fanya hivyo hivyo chini. Kijiti kipinde kidogo kama upinde, mti ukiyumba kisichomoke. Funga kwa mpira, ziba kwa nta. Na kilichokuwa juu kibaki juu. Ukikigeuza kijiti, hakipitishi kitu. Vilikuwa vinafanana ncha zote mbili, na mimi nilishageuza viwili kabla hajanishtua. Nikakimbia ndani nikaleta rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikapaka ncha zote za juu. Shangazi aliitazama ile chupa. "Kumbe ina kazi," akasema.

Mvua ilianza tukiwa kwenye daraja la tatu. Maji yakiingia kwenye mchongo, kazi imeharibika. Shangazi alifungua mwavuli kwa mkono wa kushoto akaushika juu ya kidonda, juu ya mti, si juu yangu wala juu yake. Aliushika saa nne nzima. Nilimwambia tupumzike, akasema mti haujapumzika. Ana miaka sabini na sita, maji yanamtiririka kwenye nyusi, mkono hautikisiki, na mdomo unaniongoza: polepole, usibonyeze, hapo, hapo hapo, umefanya vizuri, sasa linalofuata. Hakunikaripia hata mara moja. Nimefanya kazi chini ya mabosi wanane, na sijawahi kufundishwa namna ile.

Tulipomaliza nikauliza kama utapona. "Sijui," akasema. "Mvua zikiisha tutajua." Tukarudi. Mlangoni akageuka. "Gome ulilotoa tutalitumia, wagonjwa hawana kosa. Ila kila atakayekuja kulichukua, utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kwamba hili ni la mwisho na nani aliyeukata mti. Sitaki wasikie kwa majirani."

Machi 23

Wa kwanza: fundi cherehani, jino la nyuma. Nikamwambia, "Gome hili ni la mwisho. Mti niliumenya mimi kuzunguka, huenda ukafa." Alicheka mpaka jino likamkumbusha. "Dada, mimi niliwahi kushona suti ya bwana harusi mikono yote miwili ya kushoto. Aliivaa hivyo hivyo." Shangazi hakucheka.

Machi 26

Wa tano: mkunga mzee, rafiki wa Shangazi. Aliponisikiliza hadi mwisho, aliurudisha mkono wake uliokuwa umenyooka. "Nipe wewe," akamwambia Shangazi. "Anayetoa ni yeye," Shangazi akajibu. Wakatazamana. Mkunga akalipokea kutoka kwangu bila kunitazama usoni. Nikamwambia atafune kidogo kidogo, asimeze maji yake.

Machi 31

Madaraja yote kumi na mawili yana rangi ya uhai. Nta imeshika.

Aprili 4

Moja limesinyaa.

Aprili 5

Mvua. La pili.

Aprili 9

Madaraja mawili yametoa vijani vidogo, nikakimbia kumwita Shangazi nikidhani nimeleta habari njema. Alivibandua kwa ukucha. "Daraja likianza kujiotea majani, litakula lenyewe. Kazi yake ni kupitisha." Nilihuzunika kwa ajili ya vijani vile, upuuzi mtupu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aprili 13

Nimeshasema maneno yangu kwa watu kumi na saba. Nilidhani yatakuwa mepesi kadiri ninavyoyarudia. Hayajawa.

Lakini kuna kitu kimebadilika kwenye macho yangu. Zamani nilikuwa nawasikiliza wagonjwa ili nijue niwape nini. Sasa, kwa kuwa ni lazima niwaeleze kosa langu kabla ya kuwapa dawa, nakaa chini, nawatazama, nao wananitazama, na wakishanisikia wananiambia mambo ambayo dirishani kwangu hakuna aliyewahi kuniambia. Dereva wa lori leo amenieleza kwamba anaogopa sindano kuliko anavyoogopa breki kufeli. Miaka mitatu amekuwa akilitafunia gome jino lililooza. Shangazi alikuwa ameshamkatalia mara mbili. Tumekubaliana Jumatatu nitamsindikiza kwa daktari wa meno.

Aprili 17

Dereva aling'olewa jino. Alinifinya mkono hadi pete ikaniacha alama. Shangazi amemwambia, "Sasa umekuwa mwanaume," naye akafurahi kama mtoto.

Aprili 20

Majani ya upande wa barabarani yameanza kuwa ya njano. Mvua ni ile ile, si kiu. Madaraja yaliyokufa ni matano. Shangazi amekuwa akienda kwenye mti kila alfajiri kabla sijaamka. Nimejua kwa tope la kandambili zake. Simuulizi, naogopa jibu.

Aprili 28

Majani yanadondoka. Nimeyafagia kabla hajatoka, kisha nikaona ni ujinga, nikamwambia nimeyafagia. Akasema alishayahesabu jana.

Mei 3

Leo alinikalisha mezani akanifungulia chupa zote. Si kunitega. Kila moja alinipa ninuse, nitafune kidogo, niseme inafananaje, kisha akanieleza inatoka wapi, inachumwa lini, inamfaa nani, na, alikaza sana hapo, isipewe nani. Shubiri ya kupaka palipoungua si ya kumnywesha mjamzito. Hili si la mwenye dawa ya presha. Hili si la mtoto kabisa. Nilijaza kurasa kumi na nne za daftari jingine. Kwa miaka yote nilidhani hana vipimo. Anavyo vingi kuliko mimi, ila vyote viko kichwani, na kichwa hicho kina miaka sabini na sita. Niliogopa ghafla, nikamwomba turudie tangu mwanzo. Akakubali.

Mei 9

Amekubali lebo. Ila mwandiko uwe mkubwa, na nisiandike Kilatini, "wasije wakadhani ni mazishi."

Mei 16

Plasta imetolewa. Mkono umekonda kama wa binti. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwenye mti kuyapapasa madaraja kwa vidole vyake mwenyewe, moja baada ya jingine, amefumba macho. Saba yamekufa. Aliyang'oa akayaweka pembeni. Kwenye yale matano alikaa muda mrefu. Kisha alikwangua moja kwa ncha ya kisu, kidogo tu, akanivuta kidole akakiweka pale. Palikuwa na unyevu, na chini ya nta gome la mti na la daraja yalikuwa yamefura yakawa kitu kimoja, huwezi kuona mpaka.

"Linanenepa," akasema.

Nilipiga ukelele, ndege wakaruka.

Mei 21

Tumekata matawi ya upande uliokufa, nusu ya mti kasoro kidogo. Nusu nyingine imetoa majani mapya. Utaishi. Shangazi anasema hakuna wa kugusa gome lake mpaka madaraja yanenepe yakutane, labda miaka kumi. Sote wawili tulipiga hesabu kimya kimya, tukaendelea kubeba kuni.

Mei 24

Mvua imekatika. Kipande cha mwisho cha gome kimekwenda kwa mkunga. Alinitazama usoni.

Mei 28

Kesho naondoka. Kaka yangu amepiga simu kuuliza kama nimemaliza kula likizo. Nimemwambia alisema kweli, tuna kazi moja, ila mimi ndiye mwanafunzi. Nadhani alifikiri namtania.

Saa tano asubuhi alikuja mama mmoja aliyetoka mbali, vumbi limempanda hadi magotini. Baba yake hali wala halali kwa jino, na ameambiwa dawa iko hapa. Shangazi alimuuliza maswali yake yote. Kisha akanigeukia, kama kawaida. Hakuna gome, chupa iko tupu mezani, na huyu ameacha mgonjwa nyumbani akatembea tangu alfajiri. Huyu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Mama, utatusamehe," nikaanza. "Gome limekwisha. Mti niliumenya mimi..."

"Tuliumenya sisi," Shangazi akasema.

Nikamgeukia. Alikuwa anamtazama yule mama, si mimi.

"Yeye alishika kisu. Mimi ndiye niliyemtuma bila kumwonyesha. Nilimwambia kiasi, kiasi, na kiasi chenyewe nimekificha miaka hamsini. Hata mama yangu mzazi hakunificha hivyo."

Yule mama akauliza tu, kwa sauti ya chini, kama basi hakuna namna. Shangazi alimwambia baba apelekwe kwa daktari wa meno, akanituma niandike karatasi ya kumpeleka, na akamfungia mdaa wa kusukutua mpaka wafike. Kisha akamuuliza kama huko kwao upo mjafari. Mama akasema uko mmoja, karibu na kisima, wachuuzi hawajaujua.

Shangazi akasimama, akatafuta viatu vyake. "Njoo nikuonyeshe unavyotolewa gome. Upande mmoja, kiganja kimoja. Angalia vizuri, msije mkaumaliza."

Wakatoka pamoja wakivuka uwanja, Shangazi akiongea na mkono wake mpya ukipima hewani ukubwa wa kiganja. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikijifanya natafuta kalamu, kwa sababu nilikuwa nalia, kisha nikawafuata.